Mota ya Marehemu Kikohozi

Mume wangu watu wanamwita Taratibu, na jina hilo hawakumwonea. Ukimletea feni leo ukitegemea kulala nayo kesho, umekosea mlango. Ataiweka mezani, ataizunguka, atainusa. Ndiyo, atainusa, maana anasema mota iliyoungua ina harufu yake na iliyochoka tu ina harufu nyingine, na yeye hapendi kufungua kitu kabla hajajua anakwenda kukutana na nini. Kazi ya kusuka mota, kuzivika nyaya mpya, alijifunzia kwenye mashine ya kusaga nafaka akiwa kijana, na tangu hapo kucha zake hazijatakata. Hata siku ya harusi yetu zilikuwa nyeusi, na picha zipo. Mimi mwenyewe alinipata kwa mota. Nilimpelekea cherehani yangu ya umeme, akakaa nayo mpaka nikawa nakwenda kumgombeza kila nikitoka sokoni, kumbe ilikuwa imepona zamani.

Tunafanya kazi chumba kimoja, cha mbele. Upande wa dirisha pana cherehani yangu na vitambaa vya watu. Upande wa pili pana meza yake, nyaya za shaba zimening'inia kwenye misumari, na makopo ya skrubu ambayo nikithubutu kuyapanga tunanuniana siku nzima. Nje barazani kuna pipa la maji la kujaribia pampu na mota za boti. Lakini hata mota ikifanya vizuri kwenye pipa, kwake bado haijapona mpaka aende nayo ziwani, yeye na mwenye nayo wakiwa ndani ya boti moja. Hiyo ndiyo sheria yake. Wavuvi wameilalamikia mpaka wamechoka.

"Fundi, mimi nina kazi," wanamwambia.

"Na mimi nina jina," anawajibu.

Zamani nilikuwa nikimcheka kwa sheria hiyo. Tangu habari ya mota ya Kikohozi nimeacha kucheka, na nikiisimulia hupenda nikae mgongo ukiwa ukutani.

Kikohozi alikuwa mvuvi, rafiki wa mume wangu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa tu na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kusema lolote, hata kubisha hodi, kwa hiyo tulikuwa tunamfungulia mlango kabla hajaugusa. Boti yake ilikuwa na makasia na mota moja ndogo ya betri, ya zamani, ile ya kwenda polepole bila kelele ili samaki wasishtuke. Mota ile ilikuwa na ujanja wake. Ndani ya kichwa chake mlikuwa na dira. Ukiifundisha njia mara moja, ukija kubonyeza kitufe inageuka yenyewe kama shingo ya mtu, inaitafuta njia ile, inaishika mpaka uizime. Kikohozi aliifundisha njia moja tu, ya kutoka kwenye miti yake ya kutegea nyavu kule ziwani mpaka nyumbani. Ukungu ukishuka alikuwa anabonyeza, anakunja mikono, anapelekwa.

Asubuhi moja ukungu ulishuka na Kikohozi hakurudi.

Kuna ndugu wawili waliokuwa wakitega karibu naye. Boti yao ilikuwa imefungwa kwenye mti, kwa hiyo wao walijua vizuri nchi kavu iko wapi na kilindi kiko wapi. Walisikia mota yake ikipita, ule mvumo mdogo, ikielekea kilindini. Wakaita, "Unakwenda wapi?" Wakamsikia anakohoa. Halafu akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyeshiba usingizi, "Nyumbani." Wakapiga kelele kumwambia amepotea njia, lakini mvumo ukaendelea na ukungu ukaumeza. Mchana upepo ulichafuka. Boti ilikuja kuonekana ng'ambo, imekwama kwenye matete, betri imekwisha. Mwenyewe hakuonekana, wala hajaonekana mpaka leo.

Mji ukapata la kusema. Wako waliosema ziwa limemwita, wako waliosema aliyejibu ndani ya ukungu hakuwa yeye. Nami nilikuwa nawaambia waache kutia chumvi, mpaka mdogo wa marehemu alipoichukua ile boti akavue. Alipounga betri tu, hajabonyeza kitu, mota iligeuza shingo yenyewe ikaanza kumsukuma kilindini. Akakata waya kwa kisu, akarudi kwa kasia huku meno yanagongana. Mota ikafungiwa stoo, na watu wakaanza kupita mbali na stoo hiyo.

Ndipo siku moja mjane wa Kikohozi akaja kwetu ameikumbatia, imefungwa blanketi. Nyuma yake alikuja yule shemeji yake na mota mpya ndani ya boksi.

"Fundi, hiyo ya zamani itupe," shemeji alisema. "Nimeleta mpya. Funga hii, tumalize maneno."

"Mimi sikuja kubadilisha," mjane akasema. "Nimekuja kutengenezewa. Kichwa kinageuka, lakini panga la kusukuma maji halizunguki tena."

Mume wangu akainamia mota, akainusa. "Maji yameingia. Na kaboni za kupitisha umeme zimelika."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka."

"Basi itengeneze. Lakini fundi, nakuomba usiiondolee tabia yake."

Mume wangu akainua macho. "Tabia gani?"

"Ya kwenda kule."

"Na wewe mota ya kwenda kule utaifanyia nini?" nilidakia. Mdomo wangu hauna breki, najulikana.

"Nitapanda," alisema. "Nitaiacha inipeleke ilikompeleka."

Shemeji yake akatoka bila kuaga, boksi akaliacha pale pale. Mjane naye akatoa pasi kwenye mfuko, akaiweka kwenye meza yangu ya kushonea. "Dada, chukua hii. Wewe una kazi nayo kuliko mimi." Ilikuwa pasi nzuri, nzito, waya wake haujachakaa hata kidogo. Nilishukuru kama mjinga. Baadaye nikasikia masufuria kayagawa kwa jirani, na kuku wake kampa mama mkwe. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumrudia. Hapo nikaelewa. Mwanamke huyu hakuwa anaandaa safari ya kwenda na kurudi.

"Ukimpa mota hiyo umemuua," nilimwambia mume wangu.

"Nisipompa ataenda kwa kasia."

"Mwambie imeshindikana. Mfungie mpya."

"Hataamini. Mimi sijawahi kushindwa na mota." Hata katika jambo kama lile, majivuno yalikuwa mahali pake.

Akaifungua. Aliikausha, akasugua kutu, akaweka mpira mpya wa kuzuia maji, akabadilisha kaboni. Kwenye kichwa akakuta kile kitufe kimegandishwa na kutu kikiwa chini, kama kimebonyezwa daima. Akaniita nione. "Unaona? Ndiyo maana ikipata umeme tu inageuka. Hakuna mzimu." Akakiacha kama kilivyo, kwa sababu mwenye mali alisema tabia isiguswe. Moyo wangu ulitulia kidogo.

"Lakini mbona inakwenda kilindini?" nikamuuliza. "Si aliifundisha nyumbani?"

Akaijaribu ile dira kwa kila namna, ikawa nzima.

Siku ya kuitia kwenye pipa nilikuwa nimekaa mlangoni napindia sketi ya mteja. Baraza letu linatazama ziwa, na mimi nilikuwa nimelipa ziwa uso, pipa liko mbele yangu. Mume wangu akaibana mota kwenye ukingo wa pipa, akaunga betri. Kichwa kikatetemeka. Kikaanza kugeuka, polepole, kikapita barabara, kikapita ukuta wa jirani, kikaja kusimama kinanitazama mimi. Kina taa moja ndogo nyekundu katikati, na taa ile ilinikazia. Nikasogea kushoto. Nikajiambia nisiwe mtoto, nikarudi. Mume wangu akalizungusha pipa lote, kichwa kikarudi pale pale, kwangu. Nilihisi kama kuna mtu ananitazama ambaye ana neno anataka kulisema na hana kinywa.

Halafu panga likashika maji, na maji yakanirukia. Yalinilowesha mimi, yakalowesha na sketi ya watu.

Woga wote ukageuka hasira. "Hili dude lako lina adabu gani? Linanitazama mimi, na maji linanimwagia mimi!"

"Rudia," mume wangu alisema.

"Nirudie nini? Nimeloa!"

"Rudia ulichosema."

"Nimesema linanitazama mimi na maji linanimwagia mimi."

Akazima. Akakaa chini kwenye kigae, mtu mzima, mikono kichwani. Nikadhani umeme umempiga.

"Mota ikikutazama, maji hayawezi kuja kwako," alisema baadaye. "Kichwa kikitazama mbele, maji yanatupwa nyuma. Ndivyo chombo kinavyokwenda."

Akaniita karibu akanionyesha shingo ya mota. Palikuwa na skrubu moja pale, na rangi yake ilikuwa imebanduliwa kwa bisibisi. Mota za aina ile hutengenezwa kufungwa mbele ya boti. Huku kwetu anayetaka kuifunga nyuma hulegeza skrubu hiyo, anageuza kichwa kitazame kinyume cha panga ili mpini umfikie mkononi, anakaza, anakwenda zake. Wote hufanya hivyo na hakuna aliyepata kudhurika, kwa sababu mota zao hazina dira. Ya Kikohozi ilikuwa nayo, na dira imo kichwani. Alipogeuza kichwa aligeuza na njia. Mota ilitazama nyumbani kwa uaminifu wake wote, na panga likampeleka kilindini.

Nilikwenda kumuuliza yule shemeji. Akaniambia mota ilikuwa mbele miaka yote, kaka yake aliihamishia nyuma siku chache tu kabla ya ule ukungu.

Nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nimevaa viatu tayari kumkimbilia mjane, mume wangu akanizuia. "Ukimwambia kwa mdomo ataona tunamfariji tu. Acha mota iseme yenyewe." Akalegeza skrubu, akakirudisha kichwa kilivyotoka kiwandani.

Mjane alipokuja kuichukua akataka aende nayo peke yake. Mume wangu akamwambia kazi yake haitoki bila yeye kuijaribu ziwani pamoja na mwenye nayo. Aliijua sheria hiyo, mumewe alikuwa akiilalamikia kila mara. Akakubali shingo upande. Mimi ziwa naliogopa, sijui kuogelea hata kwenye beseni, lakini siku ile nilivaa jaketi la kuokolea nikaingia ndani ya boti kabla sijaulizwa.

Mume wangu alipiga makasia, mimi nikiwa kando yake kwenye benchi la katikati. Mjane alikaa mbele, mota ikiwa imefungwa pale kwenye pua ya boti. Nyuma hakukaa mtu. Asubuhi ilikuwa nyeupe, ukungu haujaamua kushuka wala kuondoka.

"Mbona umeifunga huku mbele?" mjane aliuliza.

"Ndipo mahali pake," mume wangu akajibu.

Akaitazama mota, halafu akageuza uso haraka. Tukafika kwenye miti ya Kikohozi, imesimama majini na mabaki ya kamba.

"Unga," alisema. "Ikishajaribiwa mtashuka ufukweni mniache."

Mume wangu akaunga betri. Kichwa kikatetemeka, kikageuka kama nilivyokiona barazani, kikapita kilindi bila kusita, kikasimama. Panga likashika. Boti ikageuka taratibu, kilindi kikawa ubavuni, kisha kikawa mgongoni, na mbele yetu, kwenye ule weupe, yakaanza kuonekana mapaa ya bati ya mji wetu.

Mjane akasimama. "Umeiharibu! Nilikwambia usiiondolee tabia!"

"Sikuiondolea. Kitufe ni kile kile, na njia ni ile ile aliyoifundisha yeye. Haijapata kujua nyingine." Mume wangu si mtu wa maneno mengi. "Alipoihamishia nyuma alikigeuza kichwa, panga likawa linasukuma kinyume. Hakuitwa na kitu, dada. Siku ile alikuwa amekunja mikono, anajua anapelekwa nyumbani. Alikuwa anakuja kwako."

Hakulia. Ningefurahi kama angelia. Alisimama pale, magoti yamegusa ukingo wa boti, akiyatazama maji.

"Mimi ndiye niliyemwambia aihamishe," alisema. "Nilikuwa nakaa hapa hapa, nikienda naye. Kila ikigeuka naona inanitazama. Nikamwambia achague, mimi au hilo dude lake. Akacheka. Akalihamisha." Akainama kidogo zaidi. "Nilikuwa najua ni mimi. Sikujua kwa namna gani, lakini nilijua."

Niliruka kumshika gauni. Boti ikayumba, vidole vyangu vikapata pindo tu, na pindo lenyewe lilikuwa jepesi kama karatasi. Nilifungua kinywa niseme neno, lolote, mimi nisiyekosa neno. Sikupata.

Ndipo sauti ikatoka kwenye ukungu kushoto kwetu. Walikuwa wale ndugu wawili, boti yao imefungwa mtini kama kawaida yao. Walisikia mvumo tu, hawakutuona.

"Nani huyo? Unakwenda wapi?"

Na nyuma yetu, kule ambako hakukaa mtu, kikasikika kikohozi. Kifupi, cha mtu anayetaka kusema.

Kwa mazoea nikamwambia mume wangu, "Pole." Alikuwa kando yangu, kanitolea macho. Hakuwa yeye. Sikugeuka kutazama nyuma, na yeye hakugeuka. Mjane alikuwa bado ameinamia maji, nikaona mgongo wake ukinyooka kidogo kidogo. Akakaa. Akakusanya gauni lake magotini, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nyumbani!" akawajibu wale ndugu, kwa sauti iliyosikika ziwa zima. "Tunakwenda nyumbani!"

Mota ilivuma, mji ukawa unakua, na mimi nilikuwa najizuia nisitazame nyuma huku machozi yananishuka bila mpango. Pua ya boti ikagusa mchanga. Mume wangu akashuka, nikashuka na mimi. Mjane alikuwa wa mwisho. Alipokwisha kukanyaga nchi kavu akaishika boti kwa mikono miwili kuituliza, kama wanavyofanya wake wa wavuvi, akatazama benchi la nyuma.

"Shuka basi," alisema. "Tumefika."

Boti haikuwa na mtu tena. Sote watatu tulikuwa tumeshasimama mchangani, tunaiona. Sehemu ya nyuma ya boti ikainuka kidogo, maji yakacheza pembeni mwake, halafu yakatulia.

Kesho yake asubuhi hodi ilibishwa mlangoni, mapema, hata sijafungua dirisha. Nilipofungua nikamkuta mjane amesimama barazani, kando ya pipa. Alikuwa amekuja kuchukua pasi yake.